ABU QUHAFA: MZEE ALIYESHANGAZWA NA CHEO CHA MTOTO WAKE

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote.

Ijumaa ya leo tutazame maisha ya mzee mmoja wa Makka. Jina lake ni Uthman bin Amir, lakini wengi wanamjua kwa jina la Abu Quhafa. Ndiye baba mzazi wa Abubakar Siddiq (r.a.), Khalifa wa kwanza wa Uislamu.

Abu Quhafa alikuwa mtu wa Banu Taym. Hao ni Makureshi, lakini ukoo wao ulikuwa mdogo. Ukubwa ulishikwa na Banu Abd Manaf na Banu Makhzum, na kila mtu wa Makka alijua nafasi yake.

Abubakar alikuwa mchuuzi wa nguo. Aliposilimu alianza kununua watumwa walioteswa kwa ajili ya imani, akawaacha huru. Bilal ni mmoja wao. Mzee, ambaye alikuwa hajasilimu bado, hakuelewa jambo hilo. Alimshauri mwanawe kwamba akitaka kukomboa watu, basi akomboe wanaume wenye nguvu watakaoweza kumlinda. Abubakar akamjibu kwamba yeye anatafuta radhi za Allah.

Mwaka 622 Abubakar akahama na Mtume kwenda Madina, akachukua mali yake yote. Mzee, aliyekuwa amekwisha pofuka, akaja nyumbani kwa wajukuu akihofia kwamba wameachwa bila kitu. Bibi Asma akaweka mawe mahali baba yake alipozoea kuweka fedha, akayafunika kwa kitambaa, akamshikisha babu yake mkono. Mzee akadhani ni fedha, moyo wake ukatulia.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijriya (630), Abubakar alimshika mkono baba yake, kichwa kikiwa cheupe kwa mvi, akampeleka kwa Mtume. Mtume akasema kwamba wangemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angemfuata huko. Siku hiyo Abu Quhafa akasilimu.

Mwaka wa 11 Hijriya (632) Mtume akafariki huko Madina. Habari ilipofika Makka, mji ukatikisika. Mzee akasikia makelele, akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akauliza nani ameshika uongozi. Akaambiwa: mtoto wake. Mzee akashangaa sana, akauliza kama Banu Abd Manaf na Banu Makhzum wameridhika. Walipomjibu ndiyo, akakiri kwamba alichokitoa Allah hakuna wa kukizuia.

Mwaka wa 12 Khalifa alikuja Makka kufanya umra. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Aliposikia mwanawe amefika, akainuka. Abubakar akaruka kutoka juu ya ngamia kabla hajapigishwa magoti, ili baba yake asisimame kwa ajili yake. Akamkumbatia, na mzee akalia kwa furaha.

Abubakar alifariki mwaka wa 13 (634). Baba yake alikuwa hai, akapata fungu lake la urithi, moja ya sita, akawarudishia wajukuu. Miezi michache baadaye naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 97 hivi.

Ndugu zangu, mzee huyu alimpima mtoto wake kwa ukubwa wa ukoo na kwa nguvu za watu wanaomzunguka. Allah alimpima kwa imani yake. Wale wanyonge aliowakomboa, ambao baba aliona ni hasara, ndio waliokuwa akiba yake. Na sisi leo, tunapochagua viongozi wa misikiti na wa jumuiya zetu, mara nyingi swali letu la kwanza ni lile la mzee: kabila gani, ukoo gani? Tunawaacha vijana wenye elimu na uaminifu kwa sababu baba zao si watu wakubwa.

Wazazi, msimdharau mtoto anayetumia mali yake kwa wanyonge. Na wewe uliyepewa cheo, mbele ya mzazi wako shuka juu ya ngamia wako.

Ewe Mola, wasamehe wazazi wetu, utupe viongozi wacha Mungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.