Kipa aliyechoma ofisi za Mwingereza, akamgomea Askofu Mkuu

Makipa wengi wakistaafu hugeuka makocha, au hupotea jumla. Oscar Traynor wa Ireland yeye alitoka langoni akashika bunduki, na mwisho wa siku akawa Waziri wa Ulinzi.

Alizaliwa Dublin Machi 21, 1886. Ujanani alijifunza kuchonga mbao, lakini jina alilipata golini akiwa na Belfast Celtic, moja ya timu zilizotikisa Ireland enzi hizo.

Wazalendo walipoasi dhidi ya Waingereza Pasaka ya 1916, aliongoza kikosi kilichojichimbia Hoteli ya Metropole, Dublin. Wakashindwa, naye akapelekwa kambi ya wafungwa ya Frongoch, Wales.

Kutoka huko hakutulia. Mei 25, 1921, akiwa kamanda wa brigedi ya Dublin, aliongoza shambulio la kuchoma Custom House, jengo lililojaa mafaili ya serikali ya mkoloni. Moto uliwaka kweli, ila vijana wake watano walikufa na wengi wakatiwa mbaroni.

Sasa utata wake ulikuwa huu: kwa wapiganaji wengi wa Ireland, soka lilikuwa mchezo wa mkoloni. Chama cha michezo ya jadi, GAA, kilimfungia mwanachama aliyecheza soka au hata kwenda kulitazama tu.

Mwaka 1938 kilimvua ulezi wa chama Rais wa nchi, Douglas Hyde, kisa alikaa jukwaani Ireland ikiichapa Poland 3-2.

Traynor hakutaka kusikia habari hizo. Alishikilia kuwa soka ni mchezo wa Waselti wenyewe, asili yake milima ya Scotland. Hoja yenyewe ina matobo, lakini nani angethubutu kumwambia aliyechoma Custom House kwamba si mzalendo?

Kwenye siasa alikuwa mtu wa Fianna Fáil. Alishika Wizara ya Ulinzi kuanzia 1939, miaka yote ya Vita Kuu ya Pili Ireland ilipokataa kuegemea upande, na baadaye Wizara ya Sheria hadi 1961. Mwaka 1948 akawa pia rais wa FAI, chama cha soka.

Kibarua kizito kilikuja Oktoba 1955, Yugoslavia ilipoalikwa Dublin. Askofu Mkuu John Charles McQuaid alitaka mechi isichezwe, kwa kuwa Wakomunisti wa Tito walikuwa wamemfunga Kadinali Stepinac. Miaka mitatu nyuma FAI ilinywea na mechi kama hiyo ikafutwa.

Safari hii FAI ilikaza. Rais wa nchi hakwenda, bendi ya jeshi ikaondolewa, mtangazaji wa redio Philip Greene naye akajitoa. Katika Ireland ya wakati ule, kumpinga Askofu Mkuu kungeweza kumgharimu mwanasiasa kura.

Traynor, Mkatoliki na mbunge, alikwenda Dalymount Park akawapokea wageni. Mashabiki zaidi ya 20,000 nao wakajaa. Ireland ilipigwa 4-1.

Kiti cha ubunge hakikuota mbawa. Alikikalia hadi alipostaafu mwenyewe 1961. Urais wa FAI hakuuachia mpaka alipofariki Desemba 1963, akiwa na miaka 77.