William Miller na Sauti Aliyoikwepa

William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York, Marekani. Mwaka 1816 alianza kuisoma Biblia fungu kwa fungu, akisaidiwa na itifaki tu. Kufikia 1818 alisadiki kwamba Kristo yu karibu kurudi. Tangu hapo, hata akiwa kazini, wazo moja halikumwacha: imempasa kuuonya ulimwengu. Habari za mlinzi katika Ezekieli 33 zilimchoma moyo. Alijitetea kwamba hakuzoea kuhutubu, akakwepa kwa miaka 13.

Jumamosi moja ya Agosti 1831, mzigo ulipomzidi, aliweka agano na Mungu: akialikwa kuhubiri, atakwenda. Akapata nafuu, kwa kuwa hakutazamia mtu yeyote kumwalika. Baada ya muda wa nusu saa hivi, mpwa wake aliwasili kutoka Dresden. Kesho yake kanisa la huko halikuwa na mhubiri, nao walimtaka Miller. Alikasirika, akatoka nje bila kujibu, akaingia kwenye miti iliyo karibu. Huko alishindana na Mungu kwa maombi mpaka akakubali. Alikwenda, akafundisha, nao wakamsihi abaki juma zima.

Miller hakusikia ngurumo. Mungu alisema naye kwa Neno, kwa dhamiri, na kwa kijana aliyeleta mwaliko.

Jadilini: Je, ni ahadi gani uliyompa Mungu ukitumaini kwamba hatakudai?