Sheikh Al-Amin hakungoja uwezo

Kila nikikaa barazani nawasikia vijana wetu: azma wanayo, ila wangoja mtaji. Mimi humkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, naye mwanachuoni mkubwa, alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Alikwenda hadi Unguja kutafuta elimu kwa masheikh kama Sayyid Ahmed bin Sumeit, na akawa msomaji wa Al-Manar, jarida lililotoka Misri.

Azma yake ilikuwa moja: kuwaamsha watu wa pwani kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1930 alianza na Sahifa, karatasi tu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi! Leo tuna simu mkononi na bado twalalamika. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Yote mawili hayakudumu. Wengi wetu tungekunja jamvi hapo. Yeye aliendelea kusomesha na kuandika vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika hadi alipofariki mwaka 1947.

Makala za Sahifa zilikusanywa kitabuni, Uwongozi. Kisome, ndugu yangu. Israfu ya arusi na kupuuza elimu aliyoikemea humo, bado tunayo mitaani mwetu.