Mwana wa Mfalme Aliyepanda Ruwenzori

Likizo iliyopita nilikwenda kupanda Ruwenzori pamoja na wenzangu watano. Siku ya nne mvua ilitukamata, matope yakatufika magotini, nami nikashikwa na maumivu ya kichwa na kutapika. Mzee wa Kikonjo aliyetuongoza akatuamuru turudi. Wenzangu walitii. Mimi nilinuna njia nzima, maana nilikwisha jisifu bwenini kwamba nitaleta theluji katika chupa. Niliporudi shuleni niliona haya, nikajificha maktabani. Huko ndiko nilikosoma habari za Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi.

Alizaliwa Madrid tarehe 29 Januari 1873, baba yake akiwa mfalme wa Hispania. Kabla ya wiki mbili kutimia, baba yake aliuacha ufalme. Mtoto akalelewa Italia, akatiwa katika jeshi la maji tangu utoto wake. Angeweza kukaa raha mustarehe, lakini moyo wake ulipenda mahali pagumu.

Mwaka 1897 yeye na wenzake walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mlima St Elias, Alaska, wenye futi 18,008. Mwaka 1899 akaenda kaskazini ya dunia kwa merikebu Stella Polare. Baridi iliviharibu vidole vyake viwili, vikakatwa sehemu, basi uongozi wa safari ya magari ya mbwa akamwachia Kapteni Umberto Cagni. Mwaka 1900 Cagni alifika kaskazini zaidi kuliko wote waliomtangulia, lakini watu watatu wa safari ile walipotea barafuni, wasionekane tena.

Mwaka 1906 akaja kwetu. Alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Ziwa Victoria, akavuka hadi Entebbe, kisha akaenda kwa miguu mpaka Fort Portal. Tarehe 18 Juni akasimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote vya Ruwenzori, futi 16,763, akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Wakonjo walimchukulia mizigo, nao waliijua milima hiyo kabla yeye hajazaliwa. Lakini majina yao hayakupewa vilele.

Mwaka 1909 alijaribu K2, ukamshinda. Akaenda mlima wa jirani, Chogolisa, akapita futi 24,000, urefu ambao hakuna mpanda mlima aliyejulikana kuupita mpaka mwaka 1922. Zilibaki kama futi 500 tu. Ukungu ukafunika kila kitu, njia haikuonekana. Akageuka, akashuka na watu wake wote salama.

Baadaye aliongoza manowari za Italia katika Vita Kuu ya kwanza, kisha akaanzisha mashamba Somalia, iliyotawaliwa na Waitaliani wakati ule. Alifariki huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa huko huko.

Nilipofunga kitabu nilijiuliza: je, mtu huyu alikuwa mwoga? Nadhani pale ukunguni aliwakumbuka wale watatu. Siku ile ile nilimwandikia barua mzee wetu wa Kikonjo, nikamwomba radhi kwa kununa kwangu, nikamshukuru kwa kunirudisha kwa mama yangu. Mwenda pole hajikwai.

Chupa yangu ingali tupu, iko dirishani. Anayetaka kunicheka, bweni langu analijua.