Daktari John Gibbon na Mashine ya Moyo

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za mgonjwa aliyepasuliwa moyo akapona. Lakini moyo ukisimamishwa ili utengenezwe, damu husukumwa na nini? Kazi hiyo hufanywa na mashine, na mtu aliyeihangaikia kwa zaidi ya miaka ishirini ni Daktari John Gibbon wa Marekani.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 29 Septemba 1903, katika ukoo wa madaktari. Alipokuwa na miaka 27 alikuwa Boston, akijifunza upasuaji. Usiku mmoja aliwekwa kumwangalia mama mmoja ambaye donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wake wa kwenda mapafuni. Gibbon alikesha naye, akipima mapigo yake, akimwona anazidi kudhoofika. Asubuhi mkuu wake alimpasua upesi akalitoa donge, lakini yule mama alikufa. Tangu hapo wazo moja halikumwacha Gibbon: kama damu ingaliweza kutolewa mwilini, ikatiwa oksijeni nje, kisha ikarudishwa, pengine mama yule angalipona.

Wakubwa wake hawakuona matumaini makubwa katika jambo hilo. Aliyekuwa bega kwa bega naye ni mkewe, Mary, fundi wa maabara. Walifanya majaribio kwa paka, na baadhi yao Gibbon aliwakamata mwenyewe mitaani usiku. Mwaka 1935 mashine yao ilifanya kazi ya moyo na mapafu ya paka, naye akabaki hai. Mume na mke walikumbatiana wakacheza ngoma pale pale maabarani.

Vita Kuu ya Pili ikaikatiza kazi, maana Gibbon alikwenda jeshini. Aliporudi Philadelphia, wahandisi wa kampuni ya IBM walimsaidia kuunda mashine kubwa zaidi. Damu ilitoka mwilini kwa mipira, ikatiririka kama utando mwembamba juu ya nyavu za chuma penye oksijeni, kisha pampu ikairudisha mwilini.

Mwaka 1952 mgonjwa wa kwanza, mtoto mdogo, alifariki. Tarehe 6 Mei 1953 aliletwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu ndani ya moyo. Kwa dakika 26 mashine ilishika kazi yote ya moyo na mapafu yake, Gibbon akaliziba tundu. Msichana alipona, akaishi miaka mingi.

Lakini mwezi Julai mwaka ule ule watoto wawili walifariki katika upasuaji wa namna hiyo. Gibbon alihuzunika sana, akasimamisha kazi, wala hakupasua moyo tena kwa mashine yake. Hata hivyo hakuificha. Aliwapa michoro yake madaktari wa Mayo Clinic, nao wakaitengeneza zaidi, na kuanzia mwaka 1955 wakaokoa wagonjwa wengi.

Gibbon alifariki tarehe 5 Februari 1973, ghafla, kwa ugonjwa wa moyo, alipokuwa akicheza tenisi.

Siku hizi mashine za aina hii zimeenea duniani, hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa mmoja ambaye hakupona, na daktari mmoja ambaye hakumsahau: ndiko zilikotoka.