Fungo, Mpokezi wa Watoro

Msafiri avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hufika mahali paitwapo Kengeleni. Makondakta wa matatu hulinadi jina hilo mchana kutwa, lakini ni abiria wachache wageukao kuitazama kengele yenyewe iliyotundikwa kando ya barabara. Hapa ndipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini, watu wasiokuwa na kwao pa kurudi. Wenyeji wa pwani waliwaita mateka. Neno hilo hunishughulisha mimi niliyefanya lugha kuwa kazi yangu: watu wameachwa huru, wamepewa vibanda na vishamba, ilhali lugha inaendelea kuwahesabu katika vitu vilivyotekwa.

Wanafunzi wangu wakiulizwa ni nani aliyewapa watu hawa makao, humtaja Bartle Frere, ambaye mji una jina lake, au William Salter Price, kiongozi wake wa kwanza. Mimi huwatajia Fungo.

Fungo alizaliwa Uyaoni, akatekwa angali mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Bara Hindi. Huko Sharanpur, karibu na Nasik, palikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa, chini ya huyo huyo Price. Fungo alifundishwa, akabatizwa, akatoka akiitwa William Henry Jones. Mwaka 1864 alirudishwa Afrika pamoja na mwenzake Ishmael Semler, ili wamsaidie Johannes Rebmann katika misheni ya Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Hakurudishwa kwao, kwao kulikuwa mbali sana na Rabai. Alirudishwa barani tu, akaambiwa hapo ndipo nyumbani.

Wengi humjua kwa safari ya 1885. Mwaka huo Askofu James Hannington alimpa yeye na Semler ushemasi, kisha akamchukua Jones katika msafara wa kwenda Uganda. Askofu akatangulia na watu wapatao hamsini, akamwachia Jones wengine waliosalia. Mwezi wa Oktoba Hannington akauawa Busoga. Jones, aliyewahi kuwa mtoto wa kubebwa na majahazi ya wengine, ndiye aliyewarudisha wapagazi pwani salama, wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886. Safari hiyo imesimuliwa vya kutosha. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi lilimngojea nyumbani.

Sheria ya makazi haya ilikuwa na mpaka mkali. Aliyeokolewa na manowari alipokewa, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilisimama nyuma yake. Aliyejiokoa mwenyewe kwa miguu, akalitoroka shamba la bwana wake, hakuwa na haki hiyo, maana utumwa ulikuwa ungali halali katika ardhi ya Sultani. Mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuishambulia Frere Town kwa sababu ya watoro, na wakubwa wa misheni wakaona heri kufunga mlango. Huko Rabai, hata hivyo, watu waliendelea kuingia. Walijenga vibanda, wakalima, wakaoana, wakahudhuria ibada. Jones alikuwa akiiongoza Rabai, na siwezi kuamini kwamba hakujua jirani zake walitoka wapi. Waliosema hawakujua ni wale waliokaa mbali na vibanda hivyo. Neno mtoro leo limebaki shuleni, kwa mtoto anayekwepa masomo. Wakati ule lilitosha kumrudisha mtu kwenye pingu.

Mwaka 1888 mabwana walikuja kuwadai watu wao kwa nguvu. Price aliitwa tena kutoka Uingereza, na George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akaona kwamba vita ikizuka, biashara yake itakufa kabla ya kuanza. Hesabu ilipofanywa, watoro katika misheni za pwani walipatikana zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Mackenzie akawalipa mabwana fidia ya karibu pauni 3,500. Siku ya Mwaka Mpya wa 1889 hati za uhuru zikagawanywa. Tuangalie vizuri nani aliyelipwa: mwenye mtumwa alipata fedha, mtumwa alipata karatasi. Karatasi ile ilikuwa ya mtu, haikuwa ya kiwanja. Kibanda alichokijenga kwa mikono yake kilibaki kimesimama juu ya ardhi ya mwingine, kama zilivyo hadi leo nyumba nyingi za Kisauni, ambazo mwenye kuta si mwenye chini yake.

Naye Jones alibakia shemasi kwa miaka kumi, kijana wa Kizungu aliyekuja jana akiwa juu yake. Alipewa ukasisi mwaka 1895, alipokuwa amekwisha kutumikia pwani kwa zaidi ya miaka thelathini. Alifariki mwaka 1904. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.