Muhamadi Kijuma: mkono uliotunza tenzi za Lamu

Zamani barua ilipofika nyumbani, mtu aliitazama bahasha tu akajua imetoka kwa nani. Mwandiko wa kaka haukufanana na wa shangazi. Leo ujumbe wa simu ya tajiri na wa maskini una herufi zilezile. Katika makala haya tunamkumbuka bwana mmoja wa Lamu ambaye wataalamu bado huutambua mkono wake kwenye karatasi, ingawa amefariki zamani.

Huyo ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa Lamu, pwani ya Kenya, katika nusu ya pili ya karne ya 19, akafariki mwaka 1945. Alikuwa fundi wa kuchonga mbao, mpiga kinanda na mtunzi wa mashairi. Lakini kazi iliyolifikisha jina lake mbali ni ya kunakili tenzi kwa mkono.

Wakati huo Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto. Herufi hizo huunganishwa. Ileile moja huwa na umbo lake ikiwa mwanzoni mwa neno, umbo jingine ikiwa katikati na jingine tena ikiwa mwishoni. Kwa hiyo mwandishi hujulikana kwa namna anavyokunja, anavyovuta na anavyoacha nafasi.

Kazi hiyo ilitaka uangalifu. Kiarabu hakina herufi ya P wala ya V, na alama zake za irabu ni tatu tu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Neno pesa likiandikwa kwa njia ya zamani, msomaji asiyejua habari yenyewe angeweza kulisoma bisa. Mwandishi mwenye haraka alimpotezea msomaji utenzi mzima. Kijuma aliandika kwa herufi safi zilizopangika vizuri, na nakala zake kadhaa alizitia mapambo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Vikipangwa mstari mmoja, jicho huona pale vina vinapokutana hata kabla mdomo haujaanza kusoma.

Mwaka 1913 aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa na kuimbwa pwani tangu zamani. Kijuma alikitia kwenye beti, na ndiyo maana hadi leo wanafunzi wengi wa fasihi wanakisoma.

Wageni waliotafuta tenzi za Kiswahili walimjia. Alice Werner na William Hichens wa Uingereza walipata maandishi kutoka kwake. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Ernst Dammann alifika Lamu na kufanya kazi naye. Mzee alinakili tenzi, nyingine zikiwa za watunzi waliokufa zamani, na karatasi zikasafiri kwa meli hadi Ulaya. Nyingi kati ya hizo sasa zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS jijini London na katika maktaba za Ujerumani.

Hapo ndipo penye uchungu. Karatasi zilizobaki majumbani mwetu nyingi zililiwa na mchwa, zikaoza kwa unyevu wa bahari au zikatupwa na warithi wasioweza kuzisoma. Zilizoondoka ndizo zilizopona. Tunashukuru kwamba zilitunzwa, lakini mtoto wa Lamu hakupaswa kuvuka bahari ili aone kazi ya mzee wa mtaani kwake. Nafuu iliyopo ni kwamba maandishi mengi ya SOAS yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Simu uliyoshika sasa inaweza kukuonyesha hati za Kiswahili za zama zile.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata maneno ni mali. Kijuma hakuacha majumba ya kifahari, aliacha karatasi, na kwa hizo tenzi za watu wengine zimeishi pamoja na jina lake.

Basi tuangalie na kwetu. Chini ya kitanda cha babu huenda pana sanduku lenye barua, hati ya shamba au daftari la mashairi. Lisitumike kufungia karanga wala kuwashia moto. Liwekeni pakavu, mbali na mchwa. Mpigieni picha kila ukurasa, kisha mtafuteni mzee anayeujua mwandiko ule awasomee angali hai.